Vita vya Bata na Bu Dhirs katika Njia ya Ansab

Kusanyikeni, enyi watu wa Matrah na wa Maskati, mliozaliwa hapa na mliotua hapa. Wekeni chini vikombe vya kahawa, mnyamazisheni anayetafuna, na yule anayecheka pale mlangoni akacheke nje, maana leo nasimulia mimi, Sleyum bin Ghanim, shahidi wa macho na wa mgongo, na mgongo wenyewe mpaka leo unaniuma. Nitawasimulia jinsi Amur bin Aflah, Bwana wa Spana, Mvunja Kutu, alivyoliinua gari lake vidole vinne kutoka ardhini, ndani ya ua wa nyumba yake, bila gereji, bila fundi wa kuitwa fundi, na jinsi vidole hivyo vinne vilivyoutikisa ukoo mzima. Ewe ulimi wangu, usinikwame. Nawe kumbukumbu, usinisaliti kama ulivyonisaliti juzi sokoni, nilipotumwa vitunguu nikarudi na ndimu.

Mwaka ulikuwa wa sitini na nane. Sisi tuliokuja kutoka Unguja tulikuwa tungali wageni, na yaliyotutoa huko siyataji, kwani leo nimekuja kuwafurahisha, sikuja kuwaliza. Magari ya Matrah siku zile mtu aliyajua moja moja kwa honi zake, na miongoni mwao lilikuwamo la Amur: pikapu kuukuu ya rangi ya kijivu iliyotupwa na kampuni moja ya wageni, ambayo Amur aliiombea ruhusa ya serikali miezi saba na kuifufua miezi minane. Ilikuwa na moyo wa kwenda, lakini tumbo lake lilikuwa chini mno, likiburura kila penye mawe, na Oman, jamani, mahali pasipo na mawe ni pale penye jabali. Wanawake wa mtaani wakaiita Bata, na jina likakaa.

Sasa mjueni Bi Masouda, mama yake Mahbuba, na Mahbuba ndiye mke wa Amur. Bi Masouda alizaliwa Ansab, upande wa Bausher. Aliolewa ana miaka kumi na minne, akapelekwa Unguja, akamwacha dada yake mkubwa, Shaikha, amesimama mlangoni na mkono juu. Ikapita miaka arobaini na sita. Mwaka huo wa sitini na nane akaja kwa mwanawe, goti moja halikunjiki, nywele zote nyeupe, na dada yake yu hai huko huko Ansab, haoni tena, hatoki kitandani. Baina ya dada na dada ilibaki safari ya asubuhi moja, na katikati ya safari hiyo lilikuwapo jiwe.

Jiwe lenyewe watu wa pale wakiliita Bu Dhirs, yaani Mwenye Gego, kwa sababu limechomoza katikati ya wadi, ule mto mkavu, kama gego lililobaki peke yake kinywani. Kulia kwake pana ukuta wa bustani na falaji, ule mfereji wa maji ambao wenyewe wanaulinda kuliko watoto wao. Kushoto kwake pana shimo lililochimbwa na mafuriko. Kulivunja haiwezekani, ni mzizi wa mlima. Punda na ngamia hulipita bila hata kulisalimia. Lakini gari lazima lilipitishe katikati ya magurudumu yake, chini ya tumbo, na tumbo la Bata mmeshaambiwa lilivyokuwa.

Mara ya kwanza Amur alipompeleka mama mkwe wake, Bata alipanda juu ya Bu Dhirs akakaa, magurudumu yakizunguka bure, na Bi Masouda ndani, amevaa buibui jipya la hariri, udi umemjaa, halua mapajani. Alikaa juu ya jiwe tangu saa tatu ya asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Walikuja watu wa bustani zote kumtazama, wengine na mikeka yao. Wanaume tisa na ngamia mmoja ndio waliomvuta Bata kinyumenyume, akageuzwa alikotoka. Bi Masouda hakulia wala hakugomba. Alisema neno moja tu, tena hakumwambia Amur: "Mahbuba, mwambie mumeo anirudishe nyumbani."

Tangu saa hiyo hakumsemesha mkwewe uso kwa uso. Miezi minne! Wakikaa mkeka mmoja, sinia moja, kisha utasikia, "Mahbuba, mwambie mumeo chai hiyo inapoa." Na Amur, aliye mbali naye kiasi cha mkono, atajibu kwa adabu, "Mahbuba, mwambie mama nashukuru." Na Mahbuba, maskini wa Mungu, aligeuza shingo huku na huku mpaka siku moja akapiga kelele, "Alaa! Si mmesikiana wenyewe?"

Watu walishauri punda, goti likakataa. Walishauri abebwe kwa kitanda, akasema, "Mahbuba, waambie mie si maiti. Siku ya kubebwa kwa kitanda nnayo, nayo si ya kwenda kwa Shaikha." Kila Alkhamisi muuza limau mmoja wa Ansab alileta salamu za Bi Shaikha, na salamu zilikuwa swali moja lisilobadilika: "Masouda kashavuka?" Alkhamisi moja swali likaja limefupishwa. Muuza limau alikuna kichwa akasema, "Bi Shaikha anauliza, jiwe bado lipo?" Bi Masouda akainuka polepole, akaingia ndani, akafunga mlango. Amur akaweka kikombe chini.

Hapo ndipo Amur aliposimama katikati ya ua, kikoi kimefungwa vizuri, akahutubu. Hadhira ilikuwa mimi jirani yao, Mahbuba na kuku wanne. "Enyi mlio hai leo," alisema, "shuhudieni! Jiwe halishuki, basi gari litapanda. Nimechoka kuwa mtu wa tatu katika nyumba yangu mwenyewe. Nitaziongeza springi za Bata majani ya chuma, yale mabamba yanayolaliana, nitaweka vipande vya chuma baina ya springi na ekseli, na tumbo lake litapita juu ya gego lile kama mtu aliyemaliza kula anavyopita jikoni. Sleyum, nenda ukalipime jiwe!"

Nikaenda, kwa punda, kwa jua, nikalipima kwa shibiri yangu mwenyewe. Tukampima na Bata kwa shibiri hiyo hiyo, kwani wengine wanasema nilikosea na mimi nasema sikukosea. Jiwe lilimzidi Bata vidole vitatu. "Tutamwinua vidole vinne," akasema Amur. "Vitatu vya jiwe, kimoja cha heshima." Kumbukeni hesabu hiyo, maana ilikuwa hesabu sahihi ya watu wajinga.

Majani ya springi yalitoka katika lori lililokufa nyuma ya soko, na boliti ndefu zilizopinda alizitengeneza mhunzi wa Matrah, mzee asiyesema, aliyetutazama kama watu wanaotaka kumvisha ng'ombe viatu. Siku ya vita ikapambazuka. Jeki ilikuwa moja, tena ikivuja. Tukamwinua Bata upande wa nyuma, tukamwegemeza juu ya magogo ya mtende, na Amur akaingia chini yake mgongo ukiwa mchangani, spana mkononi, akisoma Bismillahi kwa sauti iliyosikika mpaka nyumba ya saba. Boliti ya kwanza ikasalimu amri. Ya pili ikasalimu amri. Mimi nilikuwa nimeshika gogo, na wale wanaosema nilisinzia, nasema tena, nilifumba macho kwa sababu ya vumbi.

Ilipofika nati ya nne, ya nyuma kushoto, vita vikasimama. Nati ile ilikuwa imekula kutu mpaka ikawa kitu kimoja na boliti yake. Amur aliivuta kwa mikono miwili, akaikanyaga kwa miguu, akaipiga nyundo, akaitukana kwa Kiswahili, akaitukana kwa Kiarabu, akaibembeleza. Tukaimwagia mafuta ya taa. Tukaipasha moto. Adhuhuri ikaingia, alasiri ikaingia, na Amur akatoka chini ya gari, uso mweusi, vifundo vya vidole vinavuja damu, akakaa juu ya ndoo, akaiweka spana chini. Na Amur akiiweka spana chini, jueni mambo yameharibika.

Ndipo mlango wa ndani ulipofunguka kidogo. Mkono ukatoka, na mkononi chupa, na ndani ya chupa yamebaki mafuta ya nazi kiasi cha vidole viwili. Nyote mnaijua chupa ile, au mmeisikia: mafuta yale Bi Masouda aliyapika mwenyewe jikoni kwake Unguja, akaja nayo amelala nayo kifuani, na alikuwa akijipaka tone moja la nywele kila Ijumaa, tone moja tu, kwa kuwa yakimalizika hayapo mengine. "Mahbuba," sauti ikasema, "mwambie mumeo ayapashe moto, ayatie, kisha aache kitu kipumue. Ayatie yote. Asinibakishie." Mahbuba akaipokea chupa kwa mikono miwili. Amur akasema, "Mahbuba, mwambie mama…" akaishia hapo, akaenda kuwasha moto.

Tukayatia. Ua mzima ukanukia jiko la Unguja, wallahi nikaikumbuka nyumba yetu nikageuka nikajifanya natafuta spana. Tukangoja kiasi cha mtu kusali sala ya alasiri na sunna zake. Kisha Amur akaingia tena chini, na nikasikia kitu kikilia kriii, na baada yake sauti ya Amur: "Imekubali! Yakhe Sleyum, imekubali!" Kabla ya magharibi majani mapya yalikuwa mahali pake, boliti zimekazwa, magogo yametolewa, na Bata alisimama juu, mrefu, kama aliyeambiwa ana wageni. Nikapima. Vidole vinne kamili. Kuku walipita chini yake wameinua vichwa.

Asubuhi yake, Ijumaa, tulipaswa kuondoka watu wanne. Lakini nyinyi mnatujua watu wa Unguja. Nani kwetu huenda kwa mtu mikono mitupu, tena kwa dada wa miaka arobaini na sita? Bi Masouda alikuwa amekesha akipika. Kukapakiwa sufuria la bokoboko, ngano na nyama iliyopondwa, ambalo watu wawili walilinyanyua wakiguna. Kukapakiwa sinia tatu za biriani, mikate ya kumimina, visheti, gunia la mchele, gunia la sukari, mikeka miwili iliyoviringishwa. Akaja Bi Muhsina wa nyumba ya pili, mtu mnene mwenye roho nzuri, akasema hawezi kumwacha mwenziwe aende peke yake. Akaja Bi Nasriya, na dada yake Bi Nasriya, na kapu la Bi Nasriya. Wote wakapanda nyuma, mimi juu ya gunia la mchele, sufuria magotini. Mbele walikaa Amur kwenye usukani, Bi Masouda kwenye dirisha, na Mahbuba katikati yao, mahali pake pa kazi. Na hakuna mmoja wetu, hakuna hata mmoja, aliyetazama springi.

Tukapita Ruwi, tukapita mabonde na changarawe, Bi Muhsina akiimba, biriani ikinukia, mpaka tukafika wadini. Bu Dhirs alikuwa pale pale. Na watu wa bustani, sijui nani aliyewapa habari, walikuwa wamekwisha kaa ukutani wakila tende. Amur akashika usukani, akamsogeza Bata taratibu, na chini yetu tukasikia mkwaruzo. Akasimamisha. Nikashuka nikalala kifudifudi mbele ya jeshi lote lile, nikapima.

"Vidole viwili vimekosekana," nikasema.

"Haiwezekani!" akanguruma Amur. "Vilikuwepo vinne! Nani kavila?"

Nikainua kichwa nikamtazama Bi Muhsina. Nikalitazama sufuria. Nikajitazama na mimi. Majani ya springi yalikuwa yamelala chini ya mapenzi yetu, na hesabu yote ya siku iliyopita ilikuwa imekwenda na bokoboko.

"Mie nna uzito gani?" akasema Bi Nasriya kabla hajaulizwa.

Wakashuka. Alishuka Bi Muhsina, na Bata akapumua. Tukateremsha sufuria, sinia, magunia, mikeka na kapu, tukavibeba mikononi mpaka ng'ambo ya jiwe, na wale wa ukutani, kwa haki niseme, waliacha tende zao wakatusaidia. Nikapima tena. Bado kidole kimoja, au tuseme kidole chembamba. Ndani ya gari walibaki watatu: Amur asiyeweza kushuka, kwa kuwa ndiye anayeendesha, Mahbuba, mwembamba wa watu, na Bi Masouda. Macho yote yakaenda dirishani kwa Bi Masouda, kisha yote yakakimbia yakatazama mitende. Nani angesema? Semeni nyinyi! Mtu mwenye goti lile, siku ile, mbele ya watu walioiona aibu yake mara ya kwanza? Amur aliushika usukani kama anaunyonga, na jasho lilimtoka mpaka ndevuni.

Mahbuba alimtazama mumewe. Akamtazama mamake. "Nikishuka mimi," akasema kwa sauti ndogo, "nani atakusemesheni?" Wote wawili wakatazama mbele. Basi Mahbuba akampanda mamake magotini, akatoka mlangoni, akashuka.

Nikachukua tende moja mfukoni mwangu, nikaiweka juu kabisa ya Bu Dhirs. "Ikibondeka," nikasema, "tumeshindwa. Ikibaki nzima, tumevuka." Na nikalala tena chini, shavu kwenye changarawe, niwe mtu wa kwanza kuujua ushindi au msiba.

Bata akanguruma. Akaja polepole, na magurudumu ya mbele yakapita huku na huku ya jiwe. Hapo gurudumu la kulia likaanza kuteleza kuelekea falaji. Amur hakuliona, alikuwa ameinamia upande wake, upande wa shimo. Ndani ya gari aliyeliona alikuwa mmoja tu, naye amekaa dirishani, midomo imefungwa, kiti cha katikati kitupu. Mimi nilipiga kelele, lakini injini ilinimeza. Nikainua kichwa, nikamwona Bi Masouda akigeuza shingo kumtafuta Mahbuba. Mahbuba alikuwa ng'ambo, mikono kinywani. Akageuza tena shingo. Hapakuwa na mtu wa kumwambia mtu.

"Amur!"

Gari likasimama. Wallahi nadhani na maji ya falaji yalisimama.

"Naam, mama."

"Kata kushoto, baba. Kidogo. Unaniingiza mferejini."

"Hivi, mama?"

"Kidogo tena. Basi hapo. Nenda sasa. Nenda, mimi nakutazamia huku."

Akaenda. Tumbo la Bata likapita juu ya uso wa Bu Dhirs, boliti baada ya boliti, na mimi pale chini niliona mwanga baina ya chuma na jiwe, mwanga mwembamba, usingepitisha kisu cha mkate, lakini mwanga, jamani, mwanga! Gurudumu la nyuma likapita. Nikainuka, nikainyanyua tende juu kwa vidole viwili. Ilikuwa nzima. Haikuwa na hata mkunjo. Vigelegele vikapanda kutoka kwa Bi Muhsina na Bi Nasriya, wanaume wa ukutani wakapiga makofi, na mzee mmoja wa Ansab akaja akampa Amur mkono kama anampa mtu aliyerudi haji.

Tulipofika kwa Bi Shaikha, Amur ndiye aliyemshika mkono mama mkwe wake mpaka kitandani, kwa sababu goti lilimgomea kizingitini. Bi Shaikha alikuwa amelala amegeukia mlango. Bi Masouda akafungua kinywa, na sauti haikuja. Kiarabu chake chote cha utotoni kilimkimbia. Akamgeukia mkwewe, machozi yanamwagika mpaka kidevuni. "Amur, baba," akasema, "mwambie dada yangu. Mwambie nimefika."

Na Amur, Bwana wa Spana, Mvunja Kutu, aliyeitukana nati kwa lugha mbili, akafungua kinywa naye akashindwa.

Haikuhitajika. Bi Shaikha alikwisha nyoosha mkono. Akampapasa mdogo wake kiganjani, akapanda na mkono mpaka begani, akamminya shavu, akaminya tena kama anayechagua tikiti. Kisha akasema kwa Kiarabu, kwa sauti kubwa ya mtu aliyengoja miaka arobaini na sita, "Masouda! Mbona umenenepa hivi wewe?"

Neno lile, enyi mnaonisikiliza, ambalo sisi watu wazima na akili zetu tulilihitaji pale kwenye jiwe, kwa ajili ya kidole kimoja, tukaogopa kulisema! Bi Masouda akacheka. Alicheka mpaka akamlalia dada yake kifuani, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kikarudi kicheko, na dada yake akimpigapiga mgongoni akiuliza, "Jiwe limekwendaje?" Nikatoa ile tende mfukoni, nikaifuta changarawe kidogo, nikampa Bi Masouda, naye akamtia dada yake kinywani. "Hii ndiyo iliyokaa juu yake tukapita," akamwambia, na Kiarabu kilikuwa kimesharudi.

Basi na iandikwe, na anayejua kuandika aandike: kwamba siku ya Ijumaa, mwaka wa sitini na nane, Bu Dhirs alipitwa juu ya kichwa chake na Bata wa Matrah, kwa majani ya lori lililokufa, kwa mafuta ya nazi ya mwisho ya Unguja, na kwa mgongo wa Sleyum bin Ghanim ambao hakuna aliyeutaja siku ile. Na iandikwe pia kwamba sinia ilipoandaliwa, Bi Masouda alichagua kipande kikubwa cha nyama kuliko vyote, akampa mkwewe kwa mkono wake mwenyewe, na Mahbuba, aliyekuwa amekaa katikati yao kwa mazoea, akahama akaja kukaa kando yangu, akala kwa utulivu kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne. "Kula, Amur," alisema Bi Masouda. "Kula ushibe. Kurudi, kwenye jiwe nitashuka mwenyewe."